Nyimbo za kale za kanisa: zilitoka wapi, na zilifikaje kwetu kusini?

Bado wapo wazee wetu huku Nachingwea na Ruangwa ambao hawajui kuongea Kilatini, lakini ukiwaanzishia Kyrie eleison ya Misa ya zamani wataidaka na kuimaliza. Hawakuisoma kwenye karatasi. Waliisikia wakiwa watoto, wakaishika, na imekaa kichwani zaidi ya miaka 60.

Vijana wa kwaya wanawasikiliza na kujiuliza: wimbo gani huu usio na kinanda wala ngoma, unaokwenda taratibu kama mtu anayesoma? Nani aliutunga? Ni wa Wazungu? Na ulifikaje huku kwetu kwenye mikorosho?

Katika makala hii tunaeleza safari ya nyimbo hizo, tangu miaka ya mwanzo ya Ukristo hadi Ndanda na Nachingwea. Si lazima uwe Mkristo ili kuifuata. Ni habari ya watu waliotunza jambo kubwa kwa masikio na kumbukumbu tu kwa mamia ya miaka, na ya namna jambo kama hilo linavyoweza kupotea.

Nyimbo zenyewe zikoje?

Huitwa nyimbo za Kigregori. Tofauti yake na kwaya za leo ni tatu.

Kwanza, wote huimba sauti moja. Hakuna soprano, alto, tena na besi. Wawe waimbaji 3 au 300, wanafuata njia moja.

Pili, hakuna mapigo ya kuhesabu moja, mbili, tatu, nne. Maneno ndiyo yanayoongoza. Neno likiwa refu, wimbo unarefuka. Sentensi ikiisha, wimbo unapumua.

Tatu, maneno mengi yametoka katika Biblia, hasa Zaburi. Lugha ni Kilatini, ingawa si chote. Kyrie eleison, yaani Bwana utuhurumie, ni Kigiriki. Aleluya na Amina ni maneno ya Kiebrania. Kwa hiyo mzee wetu anayeimba Misa ya zamani anaimba lugha tatu bila kujua.

Namna ya kuimba pia si ngeni kwetu. Mara nyingi mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia, kama ilivyo kwenye ngoma za Wamwera, Wayao na Wamakonde. Wimbo wa katikati unaouimba leo kwenye Misa, ambapo mmoja huimba beti za zaburi na watu wakaitikia kiitikio, umejengwa hivyo hivyo. Upo pia mtindo wa kugawana pande mbili, upande huu ukiimba mstari mmoja na upande wa pili mstari unaofuata.

Tena kuna mahali ambapo maneno huisha na sauti ikaendelea. Katika Aleluya ya kale, silabi ya mwisho huvutwa kwa nota nyingi sana. Mtakatifu Agustino alieleza kwamba kuna furaha inayozidi maneno, na mtu akifika hapo huimba sauti tupu. Anayejua vigelegele vya harusini hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Afrika ilikuwepo tangu mwanzo

Wengi hudhani muziki wa kanisa ulianza Ulaya, kisha ukaletwa Afrika. Historia haisemi hivyo.

Wimbo wa Kikristo wa kale kuliko yote uliobaki pamoja na alama zake za muziki ulipatikana Misri, mahali panapoitwa Oxyrhynchus. Umeandikwa kwa Kigiriki kwenye kipande cha mafunjo, mwishoni mwa karne ya 3. Misri hiyohiyo ndiko watawa wa jangwani walikoanzisha desturi ya kukesha wakiimba zaburi, desturi iliyokuja kufuatwa na watawa wa Ulaya.

Agustino naye alikuwa Mwafrika wa kaskazini, askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria. Alifariki mwaka 430. Akiwa Milano, Italia, alimsikia askofu Ambrosi akiwafundisha waumini kuimba, na mwaka 386 waumini wa Milano waliimba usiku kucha wakiwa wamejifungia kanisani kwa hofu ya kunyang'anywa jengo lao. Agustino aliandika baadaye kwamba nyimbo zile zilimliza, na pia zilimtia wasiwasi: je, nimeguswa na maneno, au nimefurahia sauti tu? Swali hilo bado linaulizwa kwenye vikao vya kwaya.

Watawa na zaburi 150

Dola ya Roma ya magharibi ilipoanguka karne ya 5, miji ilidhoofika na shule nyingi zikafungwa. Ndipo ulipoanza wakati ambao wanahistoria huuita Zama za Kati. Mahali palipoendelea kutunza vitabu na nyimbo ni nyumba za watawa.

Benedikto wa Nursia, aliyeishi Italia kati ya mwaka 480 na 547 hivi, aliandika kanuni ya maisha ya watawa. Aliagiza wakusanyike mara saba mchana na mara moja usiku kusali, na zaburi zote 150 ziimbwe ndani ya wiki moja. Wiki inayofuata, wanaanza upya.

Vitabu vilikuwa vichache na vya gharama kubwa, na hakukuwa na alama za kuandika sauti. Mtawa kijana alikaa karibu na mkubwa, akasikiliza, akarudia, akakosolewa, akarudia tena. Askofu Isidori wa Sevilla nchini Hispania, aliyefariki mwaka 636, alieleza kwamba sauti zisiposhikwa na kumbukumbu ya mtu hupotea, kwa kuwa haziandikiki. Kwa wakati wake hilo lilikuwa kweli kabisa.

Je, Papa Gregori ndiye aliyezitunga?

Jina la Kigregori limetokana na Papa Gregori wa Kwanza, aliyeongoza Kanisa kuanzia mwaka 590 hadi 604. Picha za zamani humwonyesha akiwa na njiwa begani, Roho Mtakatifu, anayemnong'oneza nyimbo huku mwandishi akiandika.

Picha ni nzuri, lakini wanahistoria hawaikubali kama habari ya kweli. Wakati wa Gregori hakukuwa na njia ya kuandika nyimbo, na masimulizi ya kwamba yeye ndiye aliyezipanga yalienea karne mbili au zaidi baada ya kifo chake.

Kilichotokea ni hiki. Mwaka 754 Papa Stefano wa Pili alikuwa kwa Wafaranki, watu wa eneo ambalo leo ni Ufaransa na sehemu ya Ujerumani, kuomba msaada wa mfalme wao Pipini. Wafaranki wakaamua kuimba kama Roma inavyoimba. Mwaka 789 Karolo Mkuu, mtoto wa Pipini, akaamuru mapadri wote wa nchi yake wajifunze uimbaji wa Kirumi. Alitaka ufalme wake mkubwa, wenye makabila na lugha nyingi, uwe na sala moja.

Lakini amri ni jambo moja na masikio ni jambo lingine. Walimu wa Roma waliimba, wanafunzi wa Kifaranki wakashika walivyoweza, wakichanganya na uimbaji wao wa nyumbani. Pande hizo mbili zililaumiana. Warumi walisema Wafaranki wana sauti nzito zisizojua kukunja nota; Wafaranki nao walidai Warumi wanawaficha wimbo wenyewe. Zao la mchanganyiko huo ndilo wataalamu wengi wanaloliona kuwa nyimbo za Kigregori. Jina la Gregori liliwekwa juu yake ili zipate heshima ya mtakatifu mkubwa.

Kwa maneno mengine, hata Wazungu wa kaskazini waliupokea muziki huu kutoka kwingine, wakaufanya wao.

Do re mi ya kwaya yako

Ugomvi huo ulionyesha hatari ya kutegemea masikio peke yake. Karne ya 9 waimbaji wakaanza kuweka alama ndogo juu ya maneno: mkwaju wa kupanda, kona ya kushuka, kitone cha kukaa. Vitabu vizuri vya namna hiyo, vya karne ya 10, vimetunzwa hadi leo katika mji wa St. Gallen nchini Uswisi. Lakini alama zile zilimkumbusha tu anayeujua wimbo tayari. Asiyeujua hakuweza kujifunza kwa kuzitazama, kwa sababu hazikuonyesha sauti ipande kiasi gani.

Aliyetatua tatizo ni mtawa wa Italia, Guido wa Arezzo, miaka ya 1020 na 1030 hivi. Alipanga alama kwenye mistari, ili kila mstari na kila nafasi iwe na sauti yake. Kisha akachukua utenzi wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji ambao kila kipande chake huanza sauti moja juu ya kilichotangulia, akatumia silabi za mwanzo kuwa majina ya sauti: ut, re, mi, fa, sol, la. Guido alisema kazi iliyochukua miaka 10 sasa ingechukua mwaka mmoja, au miwili ikizidi.

Baadaye ut ikawa do, na sauti ya saba ikaongezwa. Karne ya 19 nchini Uingereza, mwalimu Sarah Glover na mchungaji John Curwen walizigeuza silabi hizo kuwa herufi tu: d, r, m, f, s, l, t. Hizo ndizo wamisionari walizozisambaza Afrika, na ndizo mwalimu wako wa kwaya anazoandika ubaoni Jumamosi jioni. Ukiimba d r m huko Ruangwa, unatumia kazi ya mtawa aliyeishi karibu miaka 1,000 iliyopita.

Ndugu yake wa Ethiopia

Wakati Ulaya inahangaika na hayo, Ethiopia ilikuwa na muziki wake wa kanisa. Masimulizi ya huko yanamtaja Mtakatifu Yared wa Aksum, wa karne ya 6, kuwa ndiye mwanzilishi. Inasimuliwa kwamba ndege watatu walimfundisha uimbaji, nasi tunakumbuka njiwa wa Gregori. Uimbaji huo una mitindo mitatu, Geez, Ezel na Araray, na unaendelea hadi leo.

Ethiopia nayo ilitegemea kumbukumbu. Alama zake za kuandika nyimbo zilipangwa karne ya 16, na hata sasa mwimbaji wa kanisa hukaa kwa mwalimu miaka mingi kabla hajakubaliwa.

Tofauti kubwa ni ngoma. Katika kanisa la Ethiopia ngoma kubwa iitwayo kebero hupigwa, kayamba za chuma hutikiswa, na waimbaji wakiwa na fimbo mikononi huyumba taratibu. Hilo ni kanisa la Kikristo tangu karne ya 4. Likumbuke jambo hili tunapoelekea Ndanda.

Zilifikaje Ndanda na Nachingwea?

Ukitoka Ruangwa ukashuka hadi Nanganga, kisha ukashika barabara ya Masasi, unafika Ndanda, kwenye abasia ya Wabenedikto, wafuasi wa yule Benedikto wa karne ya 6.

Njia yao inafuatika hatua kwa hatua. Baada ya mapinduzi ya Ufaransa, nyimbo za kale zilikuwa zimechakaa: zimekatwa, zimegeuzwa, na nyingi zimesahauliwa. Mwaka 1833 padri Prosper Guéranger alifufua nyumba ya watawa ya Solesmes, na watawa wake wakaanza kulinganisha vitabu vya kale ili kurudisha nyimbo zilivyokuwa. Ndugu wawili Wajerumani wa ukoo wa Wolter walijifunza kwake, na mwaka 1863 wakaanzisha nyumba ya Beuron. Mtawa mmoja wa Beuron, Andreas Amrhein, akaanzisha mwaka 1884 shirika la Wabenedikto wamisionari, lililokuja kujulikana kama la St. Ottilien. Mwaka 1888 watu wake walikuwa wamefika Dar es Salaam.

Kusini kwetu walianza Lukuledi mwaka 1895, kisha Nyangao. Ulikuwa utawala wa Wajerumani, na vita vya Majimaji vilipofika huku mwaka 1905, Wamwera wakiwa miongoni mwa waliosimama, misheni hizo ziliharibiwa. Mwaka huo huo Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa njiani kuelekea Liwale. Majeshi ya Wajerumani yalilipiza kwa kuchoma vijiji na mashamba, na njaa iliyofuata iliua watu wengi mno. Ndanda ilianzishwa mwaka 1906, vita vikiwa bado havijaisha. Nyimbo za amani ziliingia nchi yenye makaburi mapya, na haifai kulificha hilo.

Miaka mitatu kabla, mwezi Novemba 1903, Papa Pius wa Kumi alitoa waraka kuhusu muziki wa kanisa. Alisema nyimbo za Kigregori ndizo kielelezo cha juu, na akataka waumini wa kawaida waziimbe. Waraka huohuo ulikataza piano kanisani, pamoja na vyombo vya kelele kama ngoma. Sheria ilitungwa kwa kufikiria makanisa ya Italia, ambako muziki wa jukwaani ulikuwa umeingia ibadani. Huku kwetu ikaangukia watu ambao karibu kila jambo lao kubwa, toka jando na unyago hadi msiba, lina ngoma. Ngoma ikabaki nje ya mlango wa kanisa.

Waanglikana nao wana sehemu yao. Misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA, ilifika Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Misheni hiyo ilikuwa ya mrengo unaopenda ibada za kale, mrengo uliokuwa umefufua uimbaji huu huko Uingereza.

Mwaka 1963

Mwaka 1963 ulileta mambo matatu kwa pamoja.

Tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati kuhusu liturujia. Ilisema nyimbo za Kigregori zipewe nafasi ya kwanza mambo mengine yakiwa sawa, lakini pia muziki wa mataifa ya misheni uheshimiwe na upewe nafasi yake ibadani, na vyombo vingine viruhusiwe vikifaa.

Mwezi huohuo, Jimbo Katoliki la Nachingwea liliundwa kutoka eneo la Ndanda, Askofu Arnold Cotey akiwa wa kwanza. Jimbo hilo lilibadilishwa jina mwaka 1986 na kuwa Jimbo la Lindi.

Na mwaka huohuo, padri Mtanzania Stephen Mbunga alichapisha kitabu cha kitaalamu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, akionyesha namna muziki wetu unavyoweza kuingia ibadani kihalali.

Kulikuwa na sababu ya kilugha pia. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Ukikosea mkazo, barabara ya kupita magari inageuka kuwa barabara ya "sawasawa". Tenzi za Ulaya zenye mapigo ya kudumu mara nyingi huvunja maneno yetu. Nyimbo za Kigregori hazina mapigo ya kudumu, hivyo njia yake ya kukariri kwenye sauti moja na kushuka mwisho wa sentensi hukubaliana na Kiswahili. Ndiyo maana mara nyingi padri anapoimba utangulizi kwa Kiswahili, unasikia bado njia ya kale.

Kilichobaki ni historia. Baada ya Mtaguso, Kiswahili kilichukua nafasi ya Kilatini, ngoma na kayamba zikaingia, watunzi wa Kitanzania wakajaa. Tulipata kikubwa. Lakini nyimbo za zamani zikabaki vichwani mwa wale waliozijua tu, sawasawa na wakati wa Isidori.

Tufanye nini sasa?

Piga hesabu. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1963 alizaliwa mwaka 1948. Kila mwaka tunazika waliokuwa wanazijua.

Nyimbo za Kilatini zenyewe hazitapotea, maana zimechapishwa duniani kote. Kinachopotea ni namna zilivyoimbwa huku: matamshi ya babu zetu, mahali walipovuta na mahali walipopumua, na nyimbo za Kiswahili na za lugha za makabila yetu zilizotungwa kwa kuzifuata, ambazo huenda hazijaandikwa popote. Tena tusijidanganye kuhusu umri. Ile Misa ya Malaika inayopendwa sana na wazee si ya wakati wa Gregori; sehemu zake nyingi ni za karne ya 15 na kuendelea. Thamani yake kwetu ni kwamba ndiyo waliyoiimba.

Kama una mzee wa namna hiyo nyumbani, simu yako inatosha. Kaa naye mahali patulivu, mbali na upepo na redio. Omba ruhusa yake kwanza. Kabla hajaanza kuimba, ataje jina lake, kijiji, alikojifunzia, nani alimfundisha na mwaka kama anaukumbuka. Mwache aimbe mwanzo hadi mwisho bila kumkatisha, hata akikosea. Kisha umwombe arudie taratibu, ili mwalimu wa kwaya aandike d r m. Tunza nakula mbili, moja nje ya simu, kwa sababu simu huibiwa na huharibika.

Fanya hivyo hivyo kwa nyimbo zetu nyingine, za kilimo, za kubembeleza watoto na za misiba. Zile za jando na unyago zina miiko yake. Hizo waachie wenyewe waamue.

Guido alihitaji wino, ngozi na miaka mingi ya kazi. Sisi tunahitaji dakika kumi na mzee aliye tayari kuimba.